Nanga Kufika Chini Si Kushika

Katika madiko ya mwambao wetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, nanga husemwa kwa uzito wake. Anayenunua boti huulizwa nanga yake ni ya kilo ngapi, na chombo kikikutwa asubuhi kimepanda mwamba, maelezo ya kwanza ni kwamba nanga ilikuwa nyepesi. Maelezo hayo yana ukweli kidogo tu. Nanga nzito inaweza kuburutwa usiku kucha juu ya mchanga mzuri, na nyingine ya nusu ya uzito huo ikashika mahali hapohapo katika upepo uleule. Yanayoamua ni mambo matatu yanayokwenda pamoja: amari, yaani kamba au mnyororo wa nanga, inavuta kwa pembe gani, chini kuna nini, na je, nahodha aliijaribu nanga yake kabla hajaiamini? Liko na la nne, ambalo naona ndilo linalosahaulika kuliko yote: nanga iliyoshika jioni haijaahidi kushika usiku wa manane, kwa kuwa maji, mkondo na upepo vitakuwa vimebadilika, na chombo kitakuwa kinavuta kwa namna nyingine kabisa.

Tuanze na nguvu yenyewe. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa angalizo kwa watu wa baharini, maneno yake tumeyazoea: upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2. Ni rahisi kudhani kwamba upepo wa kilomita 40 unasukuma mara mbili ya ule wa kilomita 20. Sivyo. Nguvu ya upepo juu ya chombo hupanda kwa mraba wa mwendo wake. Mwendo ukiwa maradufu, mvuto kwenye amari huwa mara nne. Kwa boti ya urefu wa mita 9 hivi, makadirio yanayotumiwa na waunda boti hutoa mvuto wa kilo 40 hivi kwa upepo wa kwanza na kilo 160 hivi kwa wa pili. Sasa chukua nanga ya chuma ya kilo 15 uizamishe. Maji huibeba sehemu ya uzito wake, ikabaki kilo 13 tu. Kilo 13 zilizolala juu ya mchanga haziwezi kuzuia kilo 160.

Kwa hiyo nanga lazima ijifukie, na hapo ndipo pembe ya mvuto inapoingia. Nanga hufanya kazi kama jembe la kukokotwa na ng'ombe: likivutwa chini kwa chini, ulimi wake unazama na kuishika ardhi, likivutwa kwa kuinuliwa, unachomoka na kuparuza juu juu. Amari ndefu hulala karibu na sakafu ya bahari na kuvuta kwa ulalo. Amari fupi huvuta kwenda juu, yaani inafanya kazi ileile ambayo nahodha huifanya kwa makusudi asubuhi anapotaka kuing'oa.

Mabaharia wa mataifa mengi wamekubaliana juu ya kiasi: amari ya mnyororo mtupu iwe walau mara tano ya kina, amari ya kamba mara saba, na tufani ikija mara kumi kama nafasi ipo. Kanuni hiyo inajulikana hata kwetu. Kosa liko kwenye neno kina. Watu hupima maji yaliyopo wakati wanapotia nanga, nao mara nyingi hutia nanga wakati wowote wanapofika, iwe maji yamekupwa au yamejaa. Katika Bahari ya Mediterania, ambako maji hayapandi wala kushuka sana, kosa hilo lina madhara madogo. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, ambako bamvua kubwa huweka tofauti ya karibu mita 4 kati ya kupwa na kujaa, kosa hilo linavunja vyombo.

Tufanye hesabu moja. Boti imefika maji yakiwa yamekupwa, bildi, yaani risasi ya kupimia kina, inaonyesha mita 4, na omo iko mita 1 juu ya maji. Nahodha anatoa amari ya mita 20, anaridhika kwamba ni mara tano ya kina. Tayari amepunjika, kwa sababu amari haianzi juu ya maji, inaanza omoni. Kina chake halisi ni mita 5, na amari yake ni mara nne tu. Baada ya saa sita na dakika chache maji yamepanda mita 3 na nusu. Sasa kutoka omo hadi chini ni mita 8 na nusu, na ile amari ya mita 20 imekuwa mara mbili na kidogo. Pembe ya mvuto, amari ikinyooka, imetoka nyuzi 14 hadi nyuzi 25. Hakuna aliyegusa kitu. Upepo unaweza kuwa uleule. Lakini nanga iliyokuwa inalimishwa sasa inang'olewa taratibu, na watu wamelala. Ili boti hiyo ilale salama kwa amari ya kamba ilihitaji kuhesabiwa kwa maji ya kujaa: mita 8 na nusu mara saba, yaani mita 60 kasoro kidogo.

Mita 60 ni kamba nyingi, na hapa hoja inayopingana nami ni ya haki. Katika bandari ya zamani ya Mombasa au mbele ya Malindi ya Unguja, vyombo vimebanana kiasi kwamba mwenye kutoa mita 60 atazunguka na kugonga majirani wote. Chombo kilichotia nanga moja huchora duara kila mkondo unapogeuka, na upana wa duara hilo hutokana na urefu wa amari. Ndiyo maana katika sehemu za kubanana kanuni ya mara saba huachwa, na badala yake hutumiwa mbinu nyingine: mnyororo mzito kwenye sehemu ya chini, uzito wa ziada unaoteremshwa katikati ya amari ili uilaze, au nanga mbili, moja ikielekea mkondo wa kujaa na nyingine mkondo wa kupwa, chombo kikikaa katikati bila kuzunguka sana. Zote zinafaa. Isiyofaa ni ile ya kufupisha amari bila kuweka kitu badala yake, halafu kuongeza kilo za nanga kwa kufariji moyo.

Mnyororo unastahili maelezo zaidi, maana ndicho kifaa ambacho mvuvi mdogo angepaswa kukinunua kabla ya kufikiria nanga kubwa zaidi. Mita 5 hadi 10 za mnyororo kati ya nanga na kamba hufanya kazi mbili. Ya kwanza ni kuulaza mvuto: kwa upepo wa wastani mnyororo hulala mchangani, nanga ikavutwa kwa ulalo hata kama kamba juu yake imeinuka. Faida hii ina mpaka, kwa sababu upepo ukiwa mkali mnyororo nao hunyooka, na hapo kinachobaki ni urefu. Ya pili ni ya kudumu: mnyororo haukatwi na matumbawe. Kamba inayosugua ukingo wa jiwe la matumbawe kwa saa chache, chombo kikinesa, hukatika uzi mmoja baada ya mwingine, na asubuhi mwenye chombo huvuta ncha iliyochambuka bila nanga.

Kwa kamba yenyewe, nailoni ndiyo bora, kwa kuwa hurefuka inapovutwa na kuumeza mshtuko wa wimbi. Kamba ya plastiki inayouzwa madukani mwetu kwa jina la manila ni rahisi kupatikana, lakini haina mnyumbuko wa kutosha, na huelea, jambo linaloifanya ikatwe na panga za injini za wengine. Wazee waliotumia amari za makumbi ya nazi walikuwa na kitu ambacho manila haina: kamba ya makumbi hunyumbuka sana na haiogopi maji ya chumvi. Ilikuwa nene, nzito kuikunja ikilowa, lakini haikuipa nanga mshtuko.

Kisha sakafu ya bahari. Bildi ya zamani ilikuwa risasi yenye kishimo chini, na ndani ya kishimo hicho mabaharia walipaka mafuta mazito ili risasi ikigusa chini ipande na punje za kilichopo huko: mchanga, tope, vipande vya kaa na chaza. Ikirudi safi na yenye mikwaruzo, walijua ni mwamba. Kifaa hicho kilijibu maswali mawili kwa pamoja, kina na aina ya chini, ilhali vipima kina vya umeme vya bei nafuu hujibu moja tu. Msomaji wa Matendo ya Mitume atakumbuka sura ya 27, jinsi wale mabaharia karibu na kisiwa cha Malta walivyopima wakapata pima ishirini, kisha kumi na tano, wakaogopa miamba na kutupa nanga nne upande wa tezi. Waliziweka tezini ili omo ibaki imeelekea nchi kavu na kukipandisha chombo pwani kuwezekane. Kila hatua yao inaeleweka kwa baharia wa leo.

Mchanga mgumu hushika vizuri kuliko vyote, ilimradi nanga iingie. Tope la vijito vya mikoko, kama lile la delta ya Rufiji, huingiwa kwa urahisi lakini hushika kwa kulegea. Linahitaji nanga yenye eneo kubwa na muda wa kutulia, pengine robo saa kabla ya kuvutwa kwa nguvu. Nyasi za bahari ndizo zenye hila. Nanga hukamata bonge la nyasi na mizizi, chombo kikasimama, nahodha akaamini. Upepo ukiongezeka, bonge lote linang'oka na kubaki limeziba makali ya nanga, ambayo sasa haiwezi tena kuingia hata ikikokotwa kwenye mchanga safi. Juu ya matumbawe nanga haishiki, hunasa. Kunasa kunaweza kudumu wiki nzima au kuachia mara moja mvuto unapobadili upande, na hakuna namna ya kujua kipi kitatokea.

Kila aina ya nanga ilizaliwa na sakafu yake. Nanga za jiwe zenye matundu zilitumika katika Bahari ya Hindi kwa karne nyingi, kuanzia Ghuba hadi Kilwa, ambako mojawapo imepatikana, na nguvu yake ilitoka kwenye uzito pamoja na miti iliyochomekwa matunduni ili ichimbe. Nanga ya kucha nne ya wavuvi wetu, ile inayochomelewa mtaani kwa nondo, ni nzuri mahali pa mawe kwa sababu kucha zake hukamata ufa. Na wavuvi hodari hufunga kamba kwenye kitako chake, kisha huishikiza kwenye kichwa kwa uzi mwembamba, ili ikinasa wavute kwa nguvu, uzi ukatike na nanga itoke kinyumenyume. Lakini nondo ni nyembamba. Kwenye mchanga kucha hizo huchora mistari tu. Mvuvi anayeihamisha nanga ya mwambani hadi kwenye fungu la mchanga amebadilisha bahari bila kubadilisha chombo chake cha kazi, nami naona hapa ndipo hasara nyingi zinapoanzia.

Mwaka 1933 Geoffrey Ingram Taylor, mwanafizikia wa Cambridge aliyependa kusafiri kwa tanga, alibuni nanga ya umbo la jembe iliyokuwa nyepesi kuliko zilizokuwepo na bado ikashika zaidi. Ndege za majini za Uingereza ziliipokea haraka, kwa sababu ndege haiwezi kubeba chuma kizito. Miaka michache baadaye Richard Danforth wa Marekani alitengeneza nanga ya makali mawili bapa, ambayo ilitumiwa na vyombo vya kuteremshia askari ufukweni katika Vita vya Pili vya Dunia: chombo kilitupa nanga nyuma kikielekea pwani, kisha kikajivuta kwa nanga hiyo kutoka mchangani. Katika miaka ya 1970 Peter Bruce wa Uskochi akaleta nyingine, iliyotokana na kazi za visima vya mafuta vya Bahari ya Kaskazini. Mwanzoni mwa karne hii zikaenea zenye ncha kali na upinde wa chuma mgongoni unaoigeuza nanga ikae sawasawa kila inapoanguka. Mwelekeo wa karibu karne nzima ni mmoja: umbo linaloingia ardhini limeushinda uzito. Kwa mwambao wetu, ambako nanga huvutwa kwa mikono na si kwa mashine, jambo hilo lina maana kubwa zaidi kuliko kwa tajiri mwenye boti ya starehe. Nanga ya kilo 25 iliyopandishwa mara kadhaa kwa siku humaliza mgongo wa kijana. Fundi wetu wa kuchomelea anayeweza kutengeneza geti la nyumba anaweza pia kukata bamba la chuma na kutengeneza nanga yenye ulimi mpana, akiletewa mfano na mwenye boti anayejua anachokitaka.

Sasa kazi yenyewe ya kutia. Chombo kiukabili upepo, au mkondo kama ndio wenye nguvu, kisogee taratibu hadi mahali palipochaguliwa na kusimama kabisa. Nanga iteremshwe, isirushwe. Ikigusa chini, chombo kiachwe kirudi nyuma huku amari ikitolewa kwa kadiri kinavyorudi. Anayemwaga mita 30 za amari kwa mkupuo huzirundika juu ya nanga, na mnyororo ukijizungusha kwenye ulimi, nanga hiyo haitaingia popote. Theluthi ya amari ikiwa imetoka, izuiwe kidogo ili nanga ijielekeze. Kisha itolewe iliyobaki, ifungwe, na chombo kiachwe kitulie.

Hapo wengi humaliza. Kwangu mimi hapo ndipo kazi inapoanza, maana mpaka sasa nanga imefika chini tu. Mwenye injini airudishe nyuma polepole, aiongeze kidogo kidogo, na mvuto huo aushikilie kwa dakika moja au mbili. Asiye na injini atumie mkondo wenyewe, au ainue tanga kidogo lishike upepo kutoka mbele na kukisukuma chombo nyuma. Wakati huo baharia mmoja asimame omoni ameweka kiganja juu ya amari iliyokaza. Nanga inayoshika hutoa mvuto mmoja unaokua, amari inakaza, inatoka maji ikijikamua matone, kisha inatulia ikiwa ngumu kama mti. Inayoburutwa hutetema: kiganja kinahisi mikwaruzo midogo midogo, mara inakamata, mara inaachia, mara inaruka. Hisia hiyo haifichiki, na mtu akiipata mara moja hataisahau. Wapo wanaoutambua mtetemo huo kwa unyayo wakiwa wameikanyaga amari.

Jicho nalo lisaidie. Chukua vitu viwili vya nchi kavu vilivyo mstari mmoja pembeni mwa chombo, mnazi wa mbele na mnara wa msikiti nyuma yake. Injini ikivuta nyuma, mnazi ukibaki umeuficha mnara, chombo hakisogei. Mnara ukianza kuchungulia na ukaendelea, nanga inatembea. Kitu kimoja peke yake hakitoshi, kwa sababu macho hudanganywa na maji yanayopita. Maji yakiwa maangavu na si ya kina kirefu, njia bora kuliko zote ni kuvaa miwani na kuzama. Nanga iliyoshika vizuri huonyesha mkono wake umelala, ulimi wote umezama, na nyuma yake mtaro mfupi ilikopita. Ukiona ulimi nje na mtaro mrefu, rudia. Kurudia ni kazi ya robo saa, na sioni aibu yoyote ndani yake.

Mambo hayo yakikamilika, bado kuna usiku. Mkondo hugeuka karibu kila saa sita. Chombo kilichokuwa kinavuta kuelekea kusini sasa kinavuta kaskazini, na nanga iliyozama upande mmoja inageuzwa au inachomolewa na kutakiwa izame upya peke yake, gizani, bila mtu wa kuijaribu. Zile za makali mawili bapa zinajulikana kwa udhaifu huu, kwa kuwa jiwe dogo au gome la kombe likikwama kwenye bawaba zake haziwezi kuzama tena. Zaidi ya hapo ni pepo za siku: umande unaotoka bara alfajiri, upepo wa bahari mchana. Mahali palipokuwa na kinga jioni panaweza kuwa wazi saa kumi usiku. Na mahali kama Kilindoni, Mafia, ambako maji yakipwa vyombo hukaa juu ya mchanga, kuna hatari nyingine isiyotajwa sana: mashua inaweza kushukia nanga yake yenyewe. Kucha iliyosimama wima hupenya ubao wa chini, maji yakirudi yanaanzia ndani. Wanaolaza vyombo mahali hapo huifuata nanga kwa miguu maji yakiwa magotini, na kuihamisha hadi umbali ambao chombo hakitaifikia.

Kwa hiyo zamu haikwepeki. Historia yetu ina mfano wake. Mwezi Aprili 1498 meli za Vasco da Gama zilipotia nanga nje ya Mombasa, watu wa mji, waliokuwa na kila sababu ya kutowaamini wageni hao, waliogelea usiku hadi kwenye meli iliyoitwa Berrio na kuanza kuikata amari yake. Kumbukumbu iliyoandikwa na mmoja wa waliokuwemo safarini inasema walinzi wa zamu walisikia, lakini mwanzoni walidhani ni samaki wa jodari. Amari ndiyo iliyolengwa, kwa sababu kila mtu wa bahari alijua kwamba chombo kisicho na amari ni mali ya mkondo. Leo zamu inaweza kusaidiwa na simu: programu za kulinda nanga huchora duara kwenye ramani na kupiga kengele chombo kikitoka nje. Ni msaada mzuri, kwa sharti moja ambalo watumiaji wengi hulikosa: kitovu cha duara kiwekwe nanga inapogusa chini, si baada ya chombo kurudi nyuma mita 40. Na usiku usio na simu, bildi bado inatosha. Iteremshe hadi chini, legeza kamba yake mita chache, ifunge. Kamba ikikutwa imekaza na kuelekea mbele, chombo kimeihama risasi, yaani nanga inaburutwa.

Meli kubwa hazina kinga dhidi ya haya, na inafaa mvuvi ajue hivyo. Kanuni za vyama vya ukaguzi wa meli duniani zinasema wazi kwamba nanga na minyororo ya meli imekusudiwa kuishikilia kwa muda katika bandari au mahali penye kinga, kwenye sakafu nzuri, kwa upepo usiozidi mita 25 kwa sekunde, yaani kilomita 90 kwa saa. Haikukusudiwa kuishikilia meli mbele ya pwani wazi katika dhoruba. Juni 2007 meli 56 zilikuwa nangani mbele ya Newcastle, Australia, zikisubiri makaa ya mawe. Maonyo ya dhoruba yalitolewa. Nahodha wa Pasha Bulker, meli ya mita 225, aliamua kubaki nangani. Nanga ilipoanza kuburutwa asubuhi ya tarehe 8 akaing'oa ili atoke, lakini upepo na mawimbi vilikuwa vimeshamzidi, na meli ikapanda ufukweni mbele ya mji. Watu 22 waliokuwemo waliokolewa kwa helikopta, na meli yenyewe ilikwamuliwa Julai 2. Septemba 4, 2018, tufani iitwayo Jebi iliikokota meli ya mafuta Houn Maru katika ghuba ya Osaka hadi ikagonga daraja la uwanja wa ndege wa Kansai, na maelfu ya watu wakanaswa uwanjani. Meli hiyo ilikuwa imeshapakua mafuta yake. Ilikuwa tupu, imeinuka juu ya maji, na ubavu wake wote ukawa tanga.

Matukio hayo yanaonyesha mpaka ambao ufundi wote wa kutia nanga hauwezi kuuvuka. Kuna upepo ambao jibu lake ni kuondoka, na kuondoka kunafaa tu kukifanywa mapema. Kwa mashua au ngalawa, kuondoka maana yake ni kuingia kijitoni kwenye mikoko au kupandishwa pwani wakati watu wa kusukuma wapo na maji yanaruhusu. Uamuzi huo ni wa saa ya angalizo la hali ya hewa, mchana, anga ikiwa bado nyeupe.

Nanga isiyoshika, au iliyotiwa pasipofaa, haimdhuru mwenyewe tu. Februari 2012 meli iliyokuwa ikisubiri kuingia Mombasa ilitia nanga katika eneo lililokatazwa na kuukata mkongo wa mawasiliano wa TEAMS unaotoka Fujairah, na intaneti ikapungua kasi Kenya na kwa majirani wake. Februari 2024, katika Bahari ya Shamu, meli Rubymar ilipigwa kombora, mabaharia wakaihama nanga ikiwa chini, na ikapelekwa na maji huku ikiikokota; mikongo mitatu ikakatika, na uchunguzi ukaelekeza kidole kwenye nanga hiyo. Mawasiliano ya benki na hospitali za nchi zetu yanalala kwenye sakafu ileile ambayo nahodha anadhani ni mchanga mtupu.

Na matumbawe ndiyo yanayoumia kimyakimya. Yale ya matawi hukua sentimita 10 hivi kwa mwaka, yale ya mviringo sentimita moja au pungufu; nanga moja inayoburutwa kwa dakika tano huvunja kilichokua kwa miaka mingi. Malindi na Watamu zimekuwa hifadhi za bahari tangu 1968, Mafia tangu 1995, na katika hifadhi za namna hii jibu limekuwa boya la kudumu: chombo kinafungwa, nanga inabaki ndani. Ninaliunga mkono jibu hilo kwa moyo wote, mradi lifanywe kwa hesabu. Maboya mengi hufungwa kwenye bonge la zege, na zege likizama hupoteza uzito zaidi ya chuma: tani moja ya nchi kavu hubaki kilo 570 hivi majini. Bonge linalomshangaza mtu likiwa ufukweni linaweza kutosha kwa boti moja ya watalii na lisitoshe kwa tatu zilizofungana ubavu kwa ubavu siku ya sikukuu. Mnyororo wake nao hulika zaidi katika ile sehemu inayoinuka na kulala mchangani kila wimbi linapopita, ambako aliye juu ya maji haoni. Mzamiaji anapaswa kushuka kila kaskazi inapoisha na kila kusi inapoisha, apime unene wa pete moja moja, na aandike. Hadi daftari hilo litakapokuwa linaonyeshwa kwa kila nahodha anayelipa ada ya hifadhi, anayefunga chombo chake kwenye boya bado ana haki ya kurudisha injini nyuma, kutafuta mnazi na mnara wake, na kusubiri dakika mbili.